Giza la Pembeni: Maisha ya Fundi wa Hadubini Tuliyemwita Ngoja-Kwanza

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu leo, Jumamosi tarehe 14 Septemba 2024, familia inawashukuru. Kabla hatujamfukia mpendwa wetu tunaomba tumzungumzie kidogo, maana yeye mwenyewe hakuwa msemaji. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na shemeji yake, mdogo wa mjane. Kwa miaka yote shemeji huyu alikuwa na ruhusa ya kumtania marehemu, na hakuona sababu ya kuirudisha ruhusa hiyo leo. Mengi yaliyomo humu ameyasimulia mjane mwenyewe, jana asubuhi, akiwa amekaa jikoni na mikono yake haina kazi.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 9 Juni 1949, mtoto wa pili kati ya watoto watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba yake alikuwa mfua vyuma pale karakana, na mama yake alifua nguo za watu. Inasemekana siku hiyo mkunga alingoja mpaka akachoka, akafunga mfuko wake akaenda zake, na ikabidi akimbiliwe njiani arudishwe. Mama yake alipenda kuwaambia wageni, "Huyu hata kuzaliwa aliniambia ngoja kwanza." Jina la utani likaanzia hapo, na wengi mliopo hapa hamjui jina lingine.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, kisha sekondari ya ufundi hadi 1968. Hakuwahi kushika nafasi ya kwanza. Majibu yake yalikuwa sahihi yote, tatizo ni kwamba yalikuwa machache, kwa sababu swali la kwanza alilipitia na kulipitia mpaka kengele ikalia. Mwalimu wake wa fizikia aliandika kwenye ripoti kwamba kijana huyu atafaa mahali ambapo hakuna kengele.

Na mahali hapo palipatikana. Tarehe 3 Februari 1971 aliajiriwa kuwa fundi wa vifaa vya maabara katika hospitali kubwa, na kazi yake hasa ilikuwa kutengeneza hadubini, vile vyombo vya kuonea vijidudu. Alipewa chumba kirefu chini ya ngazi, chenye dirisha moja na meza iliyofunikwa blanketi la kijivu ili skrubu zikianguka zisirukeruke. Humo alikaa miaka thelathini na minane. Waliofanya kazi naye wanakumbuka alivyojaribu kila hadubini kabla ya kuitoa. Aliwasha taa yake, akaweka kioo kitupu kisicho na damu wala chochote, akachungulia. Ndani huonekana duara jeupe tupu. Akiona duara lile limefifia ukingoni, hata kidogo, hadubini ilirudi mezani. Wahudumu wa maabara walimnunia, akawaacha wanune. "Giza la pembeni linaua mtu," aliwaambia. "Mdudu akijificha pale, mgonjwa anaambiwa mzima, anakwenda nyumbani kufa." Alistaafu tarehe 30 Juni 2009, na mpaka leo hakuna mgonjwa anayejua kwamba alipaswa kumshukuru.

Kuhusu ndoa, watoto wake wameomba kisa hiki kisiachwe. Mwaka 1975 mke wake mtarajiwa alikuwa mpokea simu wa hospitali hiyohiyo, juu, kwenye kile chumba cha waya na plagi. Siku moja sauti kutoka chini ya ngazi iliomba kuunganishwa na stoo. Kabla hajaiunganisha, sauti ikasema, "Dada, ngoja kwanza," kisha ukasikika mlio wa simu kuwekwa mezani. Fundi alikwenda kutafuta namba ya kipuri, akakuta kazi njiani, akasahau. Mpokea simu naye alikuwa na kiburi chake. Hakukata. Alingoja na laini ile mpaka zamu ilipokwisha, akavua vifaa vya masikioni, akateremka ngazi zote kwenda kuona ni mtu gani huyo. Alikuta kijana mwembamba ameinama juu ya blanketi la kijivu, na simu bado imelala kando yake. "Nimengoja," akamwambia. Kijana akainua uso, akasema, "Pole. Kaa basi." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1976, na Mungu akawajalia watoto wawili.

Sasa tuje kwenye darubini, kwa sababu hakuna atakayeamini tumemzungumzia marehemu kama hatukuitaja. Alikisugua mwenyewe kioo chake kikubwa, kioo juu ya kioo, kwa unga wa msasa na maji, kazi iliyomchukua mwaka mzima wa 1984. Kioo hicho hukaa chini kabisa ya bomba na kukusanya mwanga. Juu huwa kuna kioo kingine kidogo, kinachoupindisha mwanga ule pembeni hadi kwenye lenzi ya kuchungulia. Kila jioni mbingu ikiwa safi aliitoa uani, akakaa na jicho lake moja pale. Majirani walikuja, watoto walikuja, kila mtu aliuona mwezi. Isipokuwa mke wake.

Msicheke sana. Mke wake, yaani dada yake shemeji, hawezi kufumba jicho moja. Akifumba moja, yanajifumba yote mawili kama mlango na dirisha vilivyofungwa kamba moja. Hata kukonyeza hawezi, jambo ambalo marehemu alilihesabu kuwa dhamana ya ndoa yao. Walijaribu kufunika jicho kwa kiganja, kwa kitambaa, hata kwa kipande cha ngozi. Lile lililobaki wazi lilitoa machozi, likaona kope zake lenyewe, mwisho nalo likajifumba. Baada ya kujaribu mara nyingi, alisema basi, akaingia ndani. Ikawa hivyo kwa miaka: mume uani, mke ndani, na ukuta katikati. Watoto walipokuwa wadogo nyumba ilikuwa na kelele zake na jambo hilo halikuonekana. Walipokwenda kwenye maisha yao, likaonekana.

Mwaka 2012 chuo kimoja kilikuwa kinatupa hadubini mbovu, na marehemu akapewa kichwa kimoja cha macho mawili. Ni kile kipande cha juu cha hadubini ambacho mtu huchungulia kwa macho yote. Ndani yake mna vipande vya kioo vinavyoitwa prizimu, vinavyougawa mwanga, nusu jicho hili na nusu jicho lile. Alikibeba mpaka nyumbani ndani ya kofia yake. "Mama," alimwambia mkewe, "nitakifunga kwenye darubini. Utaangalia na macho yako yote mawili, bila kufumba chochote." Mke wake anasema hajawahi kupewa ahadi iliyomfurahisha kama ile, hata ile ya kanisani. Shemeji alipokiona alishangilia, "Kumbe ni ya wawili! Wewe jicho hili, dada jicho lile!" Marehemu akatumia muda wote wa chai kumweleza, bila kucheka, kwamba ni ya mtu mmoja mwenye macho mawili.

Kwanza picha ilikataa kabisa kutulia. Njia ya ndani ya kichwa kile ni ndefu, kwa hiyo picha ilikuwa imeshajikusanya njiani kabla haijafika kwenye macho. Akalikata bomba upande wa chini na kukipandisha kioo kikubwa kwa upana wa kiganja. Picha ikaja. Mke wake akafuta mikono, akatoka mbio. "Ngoja kwanza," akaambiwa. "Pembeni kuna giza." Kumbe kioo kikubwa kilipopanda, mwanga ulifika juu ukiwa mpana, na kile kioo kidogo hakikutosha kuupokea wote. Akatafuta kioo kidogo kipana zaidi. Giza likapungua lakini halikuisha. Akaona shingo ya kuingizia lenzi ni nyembamba, akaipanua kwa tupa. Likapungua tena. Hatimaye akampata mwizi mwenyewe: zile prizimu zilikuwa nyembamba kuliko tundu la lenzi zilizokaa juu yake. Mlango ulikuwa mdogo kuliko dirisha, na kilichokosekana mlangoni dirisha lilikionyesha kuwa giza.

Dawa ilikuwepo, tena mbili, na alizijua. Angeweza kutumia lenzi zenye tundu dogo zaidi, giza likabaki nje ya tundu. Akakataa. "Huko si kutibu, ni kufunika." Angeweza kutanguliza lenzi nyingine mbele ya kichwa, mwanga uingie umesinyaa. Akajaribu, picha ikawa kubwa mno, mwezi usingeenea wote. Akaitoa. Basi mtu mwenye akili zake timamu, mstaafu, akaamua kusugua prizimu kubwa kwa mkono wake mwenyewe. Fundi yeyote atawaambia huo ni wazimu. Prizimu ya kwanza ilionyesha kila kitu mara mbili. Ya pili ilipasuka. Ya tatu ilikuwa nzuri, lakini pacha wake hakukubali kufanana nayo.

Shemeji alikuwa akimwambia, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Naye alijibu bila kuinua uso, "Haraka haraka haina baraka." Wakacheka, na mke wake akacheka nao. Lakini mtu akicheka mbele ya watu haina maana kwamba anacheka peke yake. Dirisha la jikoni linatazama banda la marehemu. Miaka kumi na miwili mke wake aliosha vyombo akisikia kioo kikisuguliwa, krrr, krrr. Alimpelekea chai, akaenda kuchukua kikombe, akakikuta kimejaa na kimepoa. Aliyezoea kuongea na mji mzima kwa waya akawa anaongea na redio, akiijibu kabisa, "Ndiyo, ni kweli, bei zimepanda." Siku moja alimwambia mdogo wake, "Mume wangu ninaye. Ila namsikia kama jirani anayehamisha fanicha." Ijulikane leo kwamba alikuwa mpweke. Marehemu hakumpiga, hakumtukana, hakulala nje hata mara moja. Alikuwa pale bandani akimtengenezea zawadi, na zawadi ile ikamla mume.

Maradhi ya moyo yalianza kujionyesha mwishoni mwa mwaka 2022. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Daktari alisema moyo umepanuka, na marehemu akauliza umepanuka kiasi gani, akitaka kipimo. Kufikia mwanzoni mwa mwaka huu hakuweza tena kusugua kioo. Alikaa bandani tu, akitazama vipande vyake.

Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa moja jioni, mwezi ulikuwa nusu na umekaa juu ya paa la ghala la ng'ambo ya barabara. Mke wake na mdogo wake waliibeba darubini wao wenyewe hadi uani, kile kichwa kikiwa kimefungwa juu yake na prizimu zake zilezile za zamani. Kisha wakamtoa marehemu na kiti chake.

"Mzee," mke wake akasema, "leo naangalia."

"Ngoja kwanza, Mama. Bado haijawa sawa. Pembeni kuna..."

"Giza. Najua. Naangalia na giza lake."

"Utaona kitu kibovu, udhani ndivyo kilivyo."

"Nina miaka sabini na moja. Hata hicho kibovu sijakiona."

Marehemu alijivuta mpaka kwenye bomba, akaulenga mwezi, kisha akayashika yale macho mawili ya kichwa kile akayasogeza karibu, maana uso wa mkewe ni mwembamba. "Ukiona duara mbili, sema."

"Naona mbili. Zinakaribiana. Haya... imekuwa moja."

Akabaki ameinama hapo. Shemeji alidhani dada yake analia, kumbe alikuwa amesahau kupumua. Mwezi hausimami, huteleza kuelekea ukingoni mwa picha, kwa hiyo marehemu alibaki amesimama kando yake, akilisukuma bomba kwa kidole kimoja ili mwezi usitoke katikati. Kwa mtu mwenye moyo ule, kusimama kote huko kulikuwa kazi.

"Una mashimo," mke wake akasema mwishowe, akiuambia mwezi wenyewe. "Una milima. Wewe, mbona hapa una kivuli? Mzee, milima ina vivuli!"

"Na pembeni je?" marehemu akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. "Unaliona giza?"

"Pembeni ya wapi?"

"Ya picha. Ukingoni huko, pande zote."

Akatazama tena, kwa uaminifu, akitaka kumjibu kweli. "Kuzunguka mwezi kuna giza, ndiyo. Si ndiyo mbingu? Kwani ulitaka pawe na nini?"

Hapo ndugu zangu inabidi tuwaeleze alivyokuwa akiijaribu darubini yake. Aliijaribu mchana. Kila asubuhi aliielekeza kwenye ukuta wa ghala lile, uliopakwa chokaa, akatafuta duara jeupe lenye mwanga sawa mpaka ukingoni, kama alivyofanya miaka thelathini na minane chini ya ngazi. Na kwenye ukuta mweupe giza la pembeni lilionekana wazi, halikuwa la kubuni. Lakini mwezi ulikaa wote katikati, penye mwanga kamili, na nafasi ikabaki. Kilichofifia kilikuwa ni mbingu, ambayo ni nyeusi tangu iumbwe. Ugonjwa aliouwinda miaka kumi na miwili usingeonekana na mke wake hata kama angeangalia jioni ya siku ile ya kwanza.

Marehemu alikaa chini kwenye kiti chake. "Nilikuwa naangalia ukuta," alisema. "Mama, miaka yote hii nilikuwa naangalia ukuta."

Mke wake anasema alisikia hasira, kisha huruma, kisha vyote viwili vikamjia pamoja, asijue aanze na kipi. Maji yakimwagika hayazoleki. Alisogea kwenye benchi, akapigapiga nafasi kando yake kwa kiganja. "Njoo hapa. Niambie lile shimo kubwa linaitwaje."

Walipata jioni chache baada ya hapo, za mwezi ule na za mwezi wa sita, mawingu yaliporuhusu. Vidole vya mkono mmoja vinatosha kuzihesabu. Yeye aliangalia na kuuliza, marehemu alijibu na kusukuma bomba. Chai ilinywewa ikiwa ya moto. Shemeji alipopita kuwaona jioni moja, kwa mara ya kwanza hakuna aliyemsikia akibisha hodi.

Julai alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Alifariki Jumatano tarehe 11 Septemba 2024, saa mbili na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano. Mke wake alikuwa koridoni akiongea na binti yao kwa simu, akimwambia kwamba baba ameamka vizuri. Aliporudi, marehemu alikuwa ameshaondoka. Familia inawashukuru wauguzi wa wodi ile, ambao walimwachia mjane kiti na hawakumharakisha.

Marehemu ameacha mjane mmoja, binti na kijana wa kiume, mkwe wa kike, wajukuu watano, dada yake mkubwa, na shemeji mmoja ambaye hana tena wa kumtania.

Mjane ameomba jambo moja liandikwe, na shemeji ameliandika kama alivyoambiwa. Juzi jioni, nyumba ikiwa imejaa watu, alitoka uani peke yake. Mwezi ulikuwa umepita nusu kidogo. Aliulenga mwenyewe, akakaa, akaangalia kwa macho yote mawili, akaviona vile vivuli vya milima. Hakuna aliyekuwa kando kulisukuma bomba, na yeye hakulisukuma. Mwezi ukateleza taratibu ukielekea ukingoni, na ulipofika huko ukaanza kufifia, upande mmoja kwanza, ukipoteza mwanga kabla haujatoka kwenye picha. Akajua kwamba analiona. Ni kweli lipo, giza la pembeni, kama mumewe alivyosema siku zote. Akageuka kumwambia.

Mungu amlaze pema, na usingizi wake uwe wa amani.